Uani Nairobi: Nyasi Ziache Kidogo, Zilizobaki Zipe Wenzake

Wengi wanaotaka kung'oa nyasi uani ili wapande mimea ya asili huanza na wazo kwamba nyasi ni mgeni aliyeletwa na Wazungu. Kwa Nairobi wazo hilo halisimami. Nyasi za Kikuyu, zile pana, laini, zinazotambaa mpaka kwenye kokoto za barabara, ni zetu kabisa. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kutoka huku ndiko zilikochukuliwa kupelekwa Australia, Afrika Kusini na California. Huko zimesumbua kiasi kwamba serikali ya Marekani imeziweka katika orodha yake ya magugu hatari. Nyasi za Pemba nazo, zinazouzwa vitaluni kwa wenye viwanja vya kivuli, ni za pwani ya Bahari ya Hindi.

Kinachostahili kulaumiwa ni malezi tunayozipa. Tumezitandaza aina moja tu kutoka ukuta hadi ukuta, tunazikata kabla hazijachanua, na kiangazi tunazinywesha maji ambayo nyumba yenyewe inayahitaji. Malishoni nyasi hizohizo huishi na kongwe, na shubiri, na vichaka, na maua yanayozuka mvua ikinyesha na kupotea jua likikaza. Ukiziacha peke yake uani, ndege hana la kula, nyuki hana pa kutua, na kipepeo hana jani la kutagia. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye ploti ya hamsini kwa mia, au hata nusu yake, si kuzimaliza nyasi. Zipunguze, kisha urudishe mimea iliyokuwa ikiishi nazo.

Tuanze na maji, maana ndiyo yatakayokusukuma hata kama ndege hawakushughulishi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 kikipewa milimita 20 kwa wiki kinakunywa lita 2,000. Kiangazi cha Januari hadi katikati ya Machi ni kama wiki kumi, na hesabu inafika lita 20,000, yaani malori mawili ya lita 10,000, kwa kiwanja ambacho si kikubwa. Mgao wa maji ulioanza Januari 2017, bwawa la Ndakaini lilipopungua, uliwaonyesha wakazi wengi kwamba mfereji wa bustani ndio wa kwanza kukauka. Mimea iliyozaliwa na mvua za hapa, kati ya milimita 900 na 1,000 kwa mwaka sehemu za katikati ya jiji na pungufu ukishuka kuelekea Athi River, inajua kungoja mvua. Ukishaipitisha mwaka wa kwanza, haikudai kitu.

Kabla ya kushika jembe, amua nyasi zipi zibaki. Watoto wanahitaji mahali pa mpira. Kamba ya nguo inahitaji mahali pakavu. Ukipata wageni wa ruracio, yaani sherehe ya mahari, utahitaji pa kupiga hema. Acha hapo. Anza kuondoa mahali ambapo nyasi zenyewe haziridhiki: chini ya mti zinapodhoofika, kwenye mteremko ambako mashine hushindwa, kando ya ua ambako hakuna anayetembea. Chukua kipande unachoweza kukipalilia Jumamosi moja, tuseme mita tatu kwa tano, na usiongeze kingine hadi hicho kitulie. Kazi ya kung'oa kiwanja chote kwa mpigo ndiyo inayowafanya watu wakate tamaa, kwa sababu udongo mtupu ukipata mvua ya Aprili unajaa magugu ndani ya wiki chache.

Sasa kung'oa kwenyewe. Chimbua kipande kidogo cha nyasi za Kikuyu uzitazame kwa chini. Utaona kamba nyeupe, nene, zenye vifundo kila baada ya sentimita mbili tatu, na kila kifundo kina chipukizi lake linalongoja. Ukikatakata kamba hizo kwa jembe la kawaida ukaziacha udongoni, umepanda mamia ya nyasi mpya. Ndiyo maana aliyelima kiwanja chake kwa bidii Machi hujikuta Mei ana nyasi nzuri kuliko za mwanzo. Tumia jembe la meno, nyanyua bonge zima, likung'ute, kisha fuata kila kamba kwa mkono hadi mwisho wake. Kamba hizo usizitie kwenye shimo la mboji. Zianike juu ya sementi au mabati mpaka zivunjike kwa mkono. Majani ya juu mpe mwenye ng'ombe. Pembezoni mwa jiji, kuanzia Kikuyu hadi Ruiru, hukosi jirani atakayekuja na gunia lake. Kazi hii ifanywe Januari na Februari, jua likikusaidia kuua masalia, ili kufikia mwisho wa Machi udongo uwe tayari kwa mvua ndefu.

Asiye na mgongo wa kuchimba ana njia ya pili, na binafsi naipenda zaidi kwa sababu udongo haufukuliwi. Mvua ndefu zikiisha, Juni, kata nyasi fupi kabisa, mwagilia, kisha zifunike kwa katoni tupu za dukani. Ondoa utepe wa plastiki wenye gundi. Pandisha katoni moja juu ya nyingine kiasi cha kiganja kizima, maana nyasi za Kikuyu hutafuta ufa wa mwanga na kuupata. Loweka katoni zilale, kisha weka matandazo ya sentimita 10 hadi 15: majani makavu, maganda ya kahawa ukiyapata, vipande vya matawi. Ziache gizani hadi Oktoba. Vuli ikikaribia, funua, ngoja wiki mbili, na chochote kinachochipua king'oe kwa mkono. Dawa ya kuua magugu itakushawishi kwa wepesi wake. Katika kipande cha mita tatu kwa tano, karibu na kisima na watoto, sioni sababu ya kuinunua.

Njia yoyote utakayochagua, chimba mtaro kati ya nyasi zilizobaki na kitanda kipya cha mimea, kina cha sentimita 20 hadi 30, na uwe unausafisha kila mwezi. Nyasi za jirani zitapita chini ya ua bila kuomba ruhusa. Mtaro huo ndio utakaoamua kama bustani itadumu, kuliko hata uchaguzi wa maua.

Kuhusu nini kipandwe, usianzie kitaluni. Anza kwa kutembea. Nairobi ina udongo wa aina mbili kuu. Upande wa magharibi na kaskazini, Karen, Lavington, Kiambu, ni udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri, uliokuwa wa msitu. Mashariki na kusini, Embakasi, Syokimau, Kitengela, ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na huo ulikuwa wa mbuga. Mwenye udongo mwekundu aende msitu wa Karura, atazame kinachoota chini ya miti na pembeni mwa njia. Mwenye udongo mweusi aende Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, atazame uwanda wake wazi. Huko utaona mimea ipi hukaa na ipi, na ipi hupenda bonde au kilima. Picha za simu zitakusaidia zaidi ya orodha ya muuzaji. Hii pia itakukinga na kosa la kudhani kwamba kila mmea wa Kenya ni wa hapa. Adeniumu yenye shina nene na maua ya waridi ni yetu, lakini ni ya ukame na joto. Julai ya Nairobi, yenye mawingu na baridi, haiipendi.

Mmea ambao ningempa kila anayeanza ni Leonotisi. Huota wenyewe kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa, shina lake la pembe nne, likifika urefu wa mtu au zaidi. Maua yake hukaa katika mafundo ya mviringo yaliyozunguka shina, fundo juu ya fundo, na kutoka kila fundo huchomoza mirija ya rangi ya machungwa yenye manyoya laini. Simama karibu asubuhi. Chozi wa rangi ya shaba, yule dume mwenye mkia mrefu, hutua kwenye fundo la chini, hukita kucha, hupenyeza mdomo wake uliopinda katika mrija mmoja baada ya mwingine, na akitoka ana vumbi la chavua kwenye paji la uso. Kisha hupanda fundo la pili. Mdomo wake na mrija wa ua vimelingana kwa namna ambayo ua la kununua, zuri kama lilivyo, mara nyingi halimpi.

Lakini usipande mche mmoja. Mwaka 1975 wanasayansi Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti walioufanya eneo la Naivasha juu ya chozi wa mabawa ya dhahabu na maua ya Leonotisi. Walihesabu nguvu anazotumia ndege kulinda kipande chake cha maua dhidi ya wenzake, na nguvu anazopata kutokana na asali ya maua hayo. Ndege alilinda pale ilipomlipa kulinda. Kwa mwenye bustani, funzo ni kwamba mche mmoja ni mahali pa kupitia tu. Miche kumi iliyopandwa pamoja ni chakula kinachotosha ndege kuamua kukaa. Kanuni hii inafaa karibu kila ua utakalopanda: kundi la aina moja, kisha kundi la aina nyingine, kuliko mmojammoja huku na huku.

Mbele ya Leonotisi, kwa kuwa yenyewe ni ndefu na miguu yake huwa mitupu, weka pentasi. Hii ni ya Afrika Mashariki na vipepeo huifuata. Vitaluni utapata zile nyekundu zilizochanganywa mbegu. Za mwituni ni nyeupe au za waridi hafifu, na huchipua kwa kipandikizi cha urefu wa kiganja kilichochomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Mbele yake acha kongwe yenye maua ya buluu itambae. Najua ni gugu la shambani, na mkulima wa mahindi ana haki ya kuichukia, lakini uani hufunika udongo wazi bila gharama. Kwa jua kali na udongo wa mawe kuna shubiri za aina kadhaa. Wenye udongo mweusi wazipandishe juu ya tuta lililochanganywa kokoto, la sivyo mizizi itaoza Aprili.

Kwa ajili ya vipepeo hasa, tafuta Gomfokapasi, kichaka chembamba chenye matunda yaliyovimba, mepesi, yenye vinywele. Kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na nyeupe mabawani, Danaus chrysippus, hutaga mayai yake kwenye majani yake, na viwavi hula hadi kubaki vijiti. Waache wale. Kichaka kitachipua tena. Utomvu wake mweupe ni sumu, kwa hiyo kikae mbali na mbuzi na watoto wadogo. Tahadhari hiyo hiyo kwa mnyaa, ambao wengi huutumia kama ua: utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya.

Na sasa nyasi tena, maana bustani ya asili ya Nairobi bila nyasi ndefu ni nusu ya kazi. Themeda ndiyo nyasi kuu ya uwanda wa Athi, ile inayogeuka nyekundu ya kutu kiangazi. Mbegu yake ina mkia mrefu mweusi uliopinda katikati. Weka mbegu moja kiganjani, idondoshee tone la maji, na utaona mkia unaanza kujizungusha taratibu. Ukikauka unazunguka kurudi. Kwa kuzunguka huko, mvua na jua vikipokezana, mbegu hujisukuma ndani ya ufa wa udongo bila mkono wa mtu. Ukipata mbegu, zitandaze juu ya udongo uliolegezwa kidogo, wala usizifukie kwa kina. Nyasi hii ina sharti moja ambalo wengi hawalijui: isipoliwa, isipoungua wala kukatwa, hujisonga kwa majani yake makavu na kufa polepole. Ikate mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, ibaki kimo cha kiganja. Kwa hiyo mashine ya kukata nyasi usiiuze bado.

Kivulini ambako nyasi zilikuwa zikikonda, weka Hipoestesi, ambayo huchanua maua madogo meupe au ya waridi hata chini ya miti, pamoja na Klorofitamu. Katikati yake fukia vitunguu vya Skadoksasi: ukifika msimu wa mvua kila kimoja hutoa tufe jekundu la maua juu ya shina tupu, kisha majani hufuata. Vikishalala, weka alama ya kijiti ili asije mtu akavichimbua.

Juu ya miti sitasema mengi, kwa sababu ploti ndogo haihitaji zaidi ya mmoja au miwili. Mwamba ngoma, ambao Wakikuyu huuita muhuti, huchanua mwekundu ukiwa hauna majani, na ndege huujaa. Panda mita kadhaa kutoka kwenye ukuta na mabomba. Mgunga wa maji wenye gome la njano ni mzuri, lakini ni mti wa kandokando ya mto na hukua haraka mno kwa ua mdogo. Kwa ua wa mpaka, mtandamboo, yaani mukawa, unafaa kuliko kayaba ya Afrika Kusini: una miiba ya kumzuia mwizi, maua yenye harufu, na matunda ambayo watoto watayamaliza kabla yako.

Miche utaipata wapi? Wauzaji wa kando ya Barabara ya Ngong wana mingi, ila wanauza kinachonunuliwa, na kinachonunuliwa ni bogenvilia. Ulizia kwa jina la kisayansi au la lugha ya mama, maana jina moja la Kiswahili laweza kubeba mimea mitatu. Kitabu cha Patrick Maundu na Bo Tengnäs, Useful Trees and Shrubs for Kenya, cha mwaka 2005, kimeorodhesha majina ya miti na vichaka kwa lugha nyingi za nchini, na ni msaada mkubwa mbele ya muuzaji. Mbegu za miti huuzwa na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, pale Muguga. Ukipata mmea usioujua, kuna hebaria ndani ya Makumbusho ya Taifa ambako kuna watu waliosomea kuutambua. Usichimbe mche msituni. Shubiri za mwitu zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na hata zisizolindwa, shimo uliloliacha Karura halijazwi na bustani yako.

Kama una mtu anayekutunzia bustani, mhusishe tangu siku ya kwanza. Amefundishwa kwa miaka kwamba kisicho nyasi wala waridi ni gugu, na ataing'oa Leonotisi changa kwa nia njema kabisa. Tembeeni pamoja bustanini, mwonyeshe jani la kila mche ukiwa mdogo, na chomeka kijiti cha rangi kando yake. Usimpunguzie siku za kazi kwa sababu nyasi zimepungua. Mwaka wa kwanza kupalilia kwa mkono kunachukua muda zaidi ya kukata kwa mashine, na mwenye ujuzi wa kutofautisha mche na gugu anastahili kulipwa zaidi.

Swali la nyoka litakuja, kutoka kwa mama mkwe kama si kwa jirani. Ni la haki. Nyoka hufuata panya na vyura, na hujificha kwenye marundo ya mawe ya ujenzi, mbao na mabati yaliyosahauliwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo hayo ndiyo ya kuondoa kwanza. Acha ukanda wa mita moja na nusu kuzunguka kuta ukiwa wa kokoto au nyasi fupi, ziba nafasi chini ya milango, na njia za kupita ziwe pana na zimekatwa vizuri. Njia hizo zina faida nyingine: kamati ya mtaa ikiona kingo zilizonyooka haitadhani nyumba imehamwa. Mbu hawazaliwi na majani. Tafuta maji yaliyotuama kwenye makopo, sahani za vyungu na mifereji ya paa.

Mwaka wa kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki mvua zisipokuwepo, maji mengi kwa mkupuo mmoja ili mizizi iyafuate chini, kisha punguza hadi mara moja, kisha acha. Usitie mbolea ya chumvichumvi. Mimea hii ikishibishwa hurefuka na kuanguka. Maua ya Leonotisi yakikauka, acha baadhi ya mashina yasimame kwa ajili ya ndege walao mbegu, na mengine yakate yafike magotini ili yachipue upya. Mwaka wa tatu mashina ya pentasi yatakuwa yamegeuka mti na kuchanua kidogo. Hapo chukua vipandikizi vipya mvua za kwanza zikianguka, ng'oa yale ya zamani, na vipandikizi vinavyobaki mpe jirani ambaye nyasi zake zinapita chini ya ua wako.